Baiskeli Tisa za Iyunga

Kama umewahi kupita Iyunga asubuhi ya mwezi wa sita, utakuwa umekutana na ukungu wa huko. Ukungu ule mtu anaweza kutundika koti lake hewani akaenda kunywa chai, akirudi analikuta linaning'inia palepale, ila limelowa. Na ndani ya ukungu huo, jua likiwa bado halijakumbuka kazi yake, utasikia baiskeli. Huzioni. Unasikia keria zinalia chini ya viazi na watu wanahema.

Viazi hivyo vinashuka kutoka milimani kwenda soko la Soweto. Kila baiskeli inabeba magunia mawili yaliyojazwa lumbesa hadi kuvuka mdomo, moja limelazwa kukingama juu ya keria, la pili limesokomezwa ndani ya fremu, pale ambapo magoti ya mwendeshaji yangekaa. Hakuna anayeendesha. Baiskeli kule ni punda asiyekula. Mwenye nayo anatembea ubavuni, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye fimbo iliyofungwa nyuma ya siti, anasukuma. Na kwa kuwa pedeli ikizunguka inampiga msukumaji kwenye ugoko, jambo la kwanza analofanya mkulima wa milimani akishanunua baiskeli ni kuipeleka kwa fundi ing'olewe pedeli. Cheni nayo hutolewa, ikafungie ng'ombe.

Fundi mwenyewe alikuwa Abdulkarim. Babu yake alipanda kutoka pwani na mizigo ya chumvi, akaionja baridi ya Mbeya, akasema anapumzika wiki moja, na mpaka leo ukoo mzima bado umepumzika. Abdulkarim alikuwa na kibanda chake kando ya barabara ya Iyunga kwa miaka ishirini na saba. Pedeli alizozing'oa alizihifadhi kwenye pipa, kwa sababu hakujua namna ya kutupa kitu kizima.

Zamani huyu bwana alikuwa mwongo kuliko waongo wote kati ya Mbalizi na Uyole, na hicho kilikuwa cheo, watu walikuja na pancha za kujitakia ili wamsikilize. Aliwahi kuapa kwamba aliziba tyubu ya mkaguzi mmoja kwa ulimi wa kiatu, baiskeli ikaenda Tunduma na kurudi, na iliporudi ilikuwa imeanza kusema Kinyamwanga. Mambo hayo yaliisha mwezi wa kumi mwaka jana, mkewe alipofariki.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mkulima mmoja aitwaye Ezekia alikuwa anasukuma mzigo wake ukingoni mwa barabara, mtaro kushoto kwake, lami kulia. Nusrat, mke wa fundi, alikuwa nyuma yake na kikapu, anawahi gari la Ilomba akamwone mdogo wake. Baiskeli yenye lumbesa ikiwa ukingoni haiachi nafasi hata ya paka. Nusrat akazunguka kwa upande wa lami. Lori la mbao kutoka Mafinga lilikuwa linakuja.

Watu walimpa pole Abdulkarim, akaitikia. Walimwambia avute subira, akasema inshallah. Hakulia. Siku moja alikuwa anabandika kiraka cha moto, akasikia harufu ya nyama, akageuka kutazama nani anachoma mishikaki saa hizo, kumbe ni kidole chake. Akakitoa, akakitazama, akaendelea na kazi. Chai ilikuwa na sukari au haikuwa nayo, kwake ilikuwa maji ya moto.

Ezekia alikuwa anapita kila Jumanne na debe la viazi. Analiweka mlangoni, anavua kofia.

"Ugonile, fundi."

"Nzuri. Milimani hawajambo?"

"Wazima."

Halafu wote wawili wanatazama debe. Halafu Ezekia anavaa kofia anaondoka. Miezi minane, maneno yalikuwa hayo, na viazi Abdulkarim aliwapa majirani.

Ndipo likaja neno la njia.

Mwenyekiti wa mtaa aliwaita wananchi akawaeleza kwamba serikali imetenga fungu la kuboresha njia za waenda kwa miguu na za baiskeli mijini, na kwamba kwa mwaka huu, kwa upande wetu huku, fungu linatosha sehemu moja tu. Ama Iyunga, ama mlima wa Ipogolo kule Iringa. Watakaoamua ni wataalamu, na wataamua kwa kuhesabu. Siku mbili karani atakaa kando ya barabara, na kama siku mojawapo baiskeli zitafika mia mbili, Iyunga imepata. Zikipungua, fungu linakwenda Iringa. Anatakiwa shahidi wa mtaa, atakayeweka saini jioni kwamba hesabu ni ya kweli.

Macho yote yakamwendea Abdulkarim.

"Sawa," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi minane kutaka kitu. Alitaka njia ipite pale Nusrat alipoangukia. Hakuitaka kwa uchungu wala kwa machozi. Aliitaka kama mtu aliyekaa sebuleni anavyotaka mlango ufungwe, upepo unaingia.

Karani alitoka Ilomba, akiitwa Sabina, mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia hiyo ya kwanza. Siku ya kwanza alifika saa kumi na mbili kamili, akaweka meza yake mbele ya kibanda, akajifunga khanga mbili juu ya sweta na kufungua fomu. Ukungu ukaanza kutoa viazi. Ikapita baiskeli moja, zikapita kumi, zikapita thelathini zimefuatana kama mazishi ya mtu mkubwa. Sabina anaandika. Abdulkarim akachungulia.

"Karani, hao unawaandika wapi?"

"Waenda kwa miguu."

"Na hizo wanazosukuma?"

"Mizigo."

"Ni baiskeli hizo, mama."

Sabina akavaa miwani ya kutafutia, akapata ya kusomea, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Baiskeli ni chombo cha magurudumu mawili, chenye pedeli, kinachoendeshwa na mtu aliyekaa juu yake." Akamtazama juu ya miwani. "Hiyo ina pedeli?"

"Haina."

"Kuna mtu kakaa juu?"

"Hakuna."

"Basi hicho ni kitu chenye magurudumu. Hata meza hii tukiiwekea magurudumu siiandiki baiskeli, fundi. Nina miaka mitatu nistaafu, usinitafutie maneno."

Jioni wakajumlisha. Waliosukuma mizigo walikuwa mia mbili na arobaini na zaidi, wote wameingia kwa waenda kwa miguu. Baiskeli zilikuwa tisa. Walinzi watano wa magodauni, mwalimu mmoja, muuza mayai mmoja, na katekista aliyehesabiwa mara mbili kwa kuwa alirudia funguo za kanisa.

"Tisa," alisema Abdulkarim.

"Tisa. Na katekista kanisaidia."

Abdulkarim akaweka saini. Kisha akasimama kando ya barabara, akawa anawasimamisha wakulima waliokuwa wanarudi milimani na baiskeli tupu, mmoja mmoja, mpaka wakawa kundi. Mbele yao alikuwa Ezekia, kofia mkononi.

"Kesho mtapanda," fundi akawaambia.

"Tutapanda nini?" Ezekia akauliza.

"Baiskeli zenu. Kuanzia kwenye nguzo ile ya umeme mpaka hapa mezani. Hatua mia. Mkishapita karani mtashuka, msukume kama kawaida."

Ezekia akaitazama baiskeli yake kama anaiomba radhi.

"Fundi, hii ninayo mwaka wa ishirini. Sijawahi kuikalia hata siku moja. Sisi wawili tunaheshimiana."

"Kesho mtavunjiana heshima kidogo."

"Na cheni je? Yangu imefunga ndama."

"Cheni fomu haikuitaja. Imetaja pedeli na mtu juu. Mtakaa, na wenzenu watawasukuma kwa nyuma."

Mmoja kwenye kundi akasema hiyo itakuwa kama kubebwa msobemsobe, na mwingine akasema bora kubebwa kuliko kugongwa, halafu akakumbuka yuko mbele ya nani, akaangalia chini. Abdulkarim hakuonyesha kama amesikia. Alikuwa ameshaangusha pipa, pedeli zinamwagika udongoni zikilia.

Alifunga pedeli mpaka mikono ikashindwa kufumba. Pedeli ya kushoto huzungushwa kinyume, na katika pipa lile za kushoto na za kulia zilikuwa zimeishi pamoja muda mrefu mno zikasahau jinsia. Baiskeli nyingine ilipata za kulia mbili, akaipigilia kwa nyundo. Zilipatikana jozi arobaini. Akapiga hesabu. Arobaini mara tano ni mia mbili. Kila mmoja angepita mbele ya meza, akazungukia nyuma ya magodauni, akapita tena, mara tano.

Kama kuna aliyemwona wakati ule akadhani fundi amerudiwa na ujanja wake wa zamani, alikosea. Ujanja ulikuwepo, mwenyewe hakuwepo. Mikono ilikuwa inafanya.

Siku ya pili ukungu uliwahi kuondoka, na hilo lilikuwa baya, kwa sababu sasa kila kitu kilionekana. Kutoka kwenye nguzo ya umeme akatokea mzee wa miaka sitini amekaa juu ya lumbesa, miguu imetanuka kama anazaa, pedeli zinazunguka bure chini ya viatu vyake, na nyuma yake wajukuu wawili wa rika la kuoa wanasukuma wakiwa wameuma meno. Akapita mbele ya meza akiwa amefumba macho. Sabina akaweka alama kwenye safu ya baiskeli, na alama mbili kwa waenda kwa miguu.

Akaja wa pili, wa tatu, wa kumi. Wengine walipita wakiomba Mungu kwa Kisafwa, wengine kwa Kinyakyusa. Bibi mmoja aliyekuwa anauza karanga alifunga biashara akakaa kutazama. Muuza mayai, baiskeli pekee ya halali kwenye msafara ule, alipita katikati yao kwa madaha akaonekana kama mgeni rasmi.

Kufika saa nne Sabina alianza kuwa na wasiwasi.

"Fundi, huyu si nimemwandika?"

"Watu wa milimani wanafanana, karani."

"Mpaka kiraka cha goti?"

"Wanashona kwa fundi mmoja."

"Na huyu Ezekia? Mara ya kwanza alikuwa na kofia nyeusi, mara ya pili ya sufu, sasa naona kavaa kofia ya mkewe."

"Kofia anabadilisha. Baiskeli je, umeiona ikipita?"

"Imepita."

"Na mtu kakaa?"

Sabina akapumua, akaweka alama. "Kakaa. Mungu ananiona."

Saa tisa alasiri zilikuwa zimefika mia mbili na tano. Ingetosha. Lakini Ezekia alishaanza mzunguko wa sita, alisema ni wa akiba, isije karani akafuta moja. Waliokuwa wanamsukuma walikuwa wamechoka, na mahali hapo barabara ina mteremko mdogo ambao ukitembea huuoni. Baiskeli yenye magunia mawili na mtu mzima juu yake iliuona. Ikachomoka mikononi mwa wasukumaji. Ezekia akawa peke yake huko juu, breki hakuna, cheni hakuna, pedeli zinaenda kasi kuliko miguu yake. Alipeleka usukani kulia kuukimbia mtaro, na kulia ni lami.

Lori lilikuwa linakuja. Si lazima kusema lilikuwa limebeba nini, mbao zote za barabara ile zinatoka Mafinga.

Lilipiga breki mpaka moshi ukatoka kwenye matairi, mbao za juu zikateleza mbele zikakaa juu ya paa la dereva. Lilisimama. Kati ya bampa na gunia la Ezekia pangeweza kupita kitabu, tena kiwe daftari. Dereva akashuka, akawatukana wote kwa zamu bila kumruka mtu, akapanda, akaondoka.

Abdulkarim alijikuta ameshafika. Hakukumbuka kukimbia. Alimvuta Ezekia ukingoni, akarudi akaivuta baiskeli, akaisimamisha. Kisha akaona gunia la fremu limepasuka, viazi vinadondoka ukingoni.

Ezekia alikaa chini kwenye majani na kofia ya mkewe.

"Lingenichukua tu," alisema. "Ingekuwa sawasawa. Tungekuwa sawa sasa, mimi na wewe."

"Nyamaza."

"Nasema kweli, fundi."

"Nimesikia. Nyamaza."

Wakulima wakashuka kwenye baiskeli zao bila kuambiwa. Hakuna aliyepanda tena siku hiyo.

Robo saa baadaye likafika gari jeupe kutoka Iringa. Akashuka mhandisi, mwanamke kijana kiasi, viatu vya matope na karatasi ndefu iliyokunjwa kwapani. Alikuja kuchukua fomu. Jina lake Eveline Kalinga, na kwa hilo la pili Abdulkarim alijua ni Mhehe na amsalimie vipi.

"Kamwene."

"Kamwene, mzee wangu. Shikamoo." Akacheka kidogo kwa kusalimiwa kikwao ugenini, akamgeukia Sabina. "Mmefikisha ngapi, mama?"

"Jana tisa," alisema Sabina. "Leo, pamoja na hao walinzi wanaoingia, mia mbili na saba."

Mhandisi akaisoma fomu ya jana, akaisoma ya leo, akaitazama barabara. Kulikuwa na walinzi wawili tu juu ya baiskeli, wanaingia zamu.

"Kama shahidi anasaini, Iyunga imepata," alisema. "Nikifika Iringa nawasilisha, mwezi ujao mnaona greda."

Akafungua ile karatasi juu ya meza. Ilikuwa mchoro wa njia. Sabina akakandamiza pembe moja, Abdulkarim nyingine. Njia ilichorwa kwa bluu, imenyooka, inatoka kwenye nguzo ya umeme, inapita mbele ya kibanda, inapita pale. Aliweka kidole pale. Karatasi ilikuwa baridi.

"Na hivi vidoti?" aliuliza.

"Nguzo za zege. Kila penye mlango wa kuingilia. Bila hizo bodaboda na bajaji wanaifanya yao kesho yake. Nguzo na nguzo ni sentimita tisini, mwenye baiskeli anapita vizuri."

Abdulkarim akaenda mpaka ukingoni, akaichukua baiskeli ya Ezekia na magunia yake yote, akaileta. Akachomeka spana moja ardhini, akapima hatua na kidole kwa mazoea yake, akachomeka ya pili.

"Tisini ni hapo?"

Eveline akatoa futi ya chuma mfukoni, akapima. "Ongeza kidogo. Hapo."

Fundi akasukuma. Gunia la nyuma, lililolazwa kukingama, likagonga spana ya kulia likaiangusha. Akairudisha. Akajaribu kwa kuilaza baiskeli upande. Gunia likaangusha ya kushoto. Sabina alikuwa anatazama bila miwani hata moja.

"Hawa watapita wapi?" Abdulkarim akauliza.

Mhandisi akaangalia gunia, kisha kundi la wakulima waliokuwa wamekaa ukingoni, kila mmoja na lumbesa zake. Alianza kuelewa, na ungeona kwamba hakufurahi kuelewa.

"Mzee, hawa ndio mia mbili?"

"Hawa ni arobaini. Wamepita mara tano. Huyu mmoja ameanza na ya sita."

"Mungu wangu, fundi," alisema Sabina polepole.

"Wa kweli wako mia mbili na arobaini kila siku, karani ni shahidi. Ila hawapandi. Hawajawahi kupanda. Pedeli nimezing'oa mimi mwenyewe, moja moja, miaka ishirini na saba, na jana nimezirudisha kwa ajili ya fomu yako."

Eveline akakaa kwenye kibao cha wateja. Akaeleza taratibu, na hakuficha kitu. Alisema fungu hili ni la njia ya wapanda baiskeli, nyembamba na yenye nguzo, hawezi kuipanua wala kuzing'oa nguzo. Ipo aina nyingine ya njia, pana, ya mikokoteni na mizigo ya kusukuma, ila hiyo ina fungu lake, halijapangwa mwaka huu, na ili lipangwe lazima kwanza mtu aihesabu hiyo mizigo. Fomu haina safu yake.

"Kwa hiyo nikisaini," alisema Abdulkarim, "njia inajengwa. Wanapita walinzi watano."

"Na waenda kwa miguu. Na wao watapita, mzee, msiwasahau."

"Na hawa wanabaki kwenye lami."

"Pembeni ya njia. Ndiyo."

"Ukiwa umechukua na ule ukingo waliokuwa wanaupata."

Eveline akazitazama zile spana. "Ndiyo," alisema.

"Na nisiposaini?"

"Zinabaki tisa za jana. Fungu linakuja kwetu." Akakunja pembe ya mchoro, akaikunjua. "Nikuambie usije ukalisikia kwa mwingine. Mama yangu anakaa bondeni Ipogolo. Ule mlima anaupanda kila siku na ndoo ya maziwa. Ndiyo maana nilitaka Iyunga mhesabiwe na karani wa hukuhuku, nisije nikaambiwa nimejipendelea. Ukisaini, mimi nawasilisha, na wala sisemi niliyoyaona."

"Huko mlimani kumeshakufa mtu?"

"Wanne, mwaka huu."

Abdulkarim akatikisa kichwa. Alitafuta ndani yake kama kuna hasira, au huruma, au hata husuda kwa huyo mama wa maziwa aliyekuwa bado anapanda na kushuka. Palikuwa kama ghala lililofagiliwa. Kilichokuwepo ni kidole chake juu ya karatasi, na chini ya kidole ule mstari wa bluu. Njia nzuri, imepita palepale. Angeweza kuwa nayo. Angekuwa anafungua kibanda asubuhi anaiona, wakati huohuo, hatua moja kutoka hapo, kwenye lami, anaiona kofia ya Ezekia.

Akaondoa kidole.

"Futa," alimwambia Sabina.

"Zote?"

"Kulikuwa na muuza mayai. Na mwalimu, na walinzi watano. Hao waache."

Sabina akavaa miwani zote mbili. Alifuta kwa rula, mstari kwa mstari, kwa sababu karani hafuti ovyo, na ilimchukua muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha. Zilibaki saba.

"Katekista leo hakupita," alisema, kama anaomba msamaha.

Abdulkarim akasaini saba. Eveline akachukua kalamu, akageuza fomu upande wa pili usio na kitu, akaandika kwa mkono wake: mizigo inayosukumwa kwa baiskeli, mia mbili na arobaini kwa siku, upana. Hapo akasimama, akachukua futi yake, akamwendea Ezekia pale kwenye majani.

"Baba, naomba nipime gunia lako."

"Pima, mwanangu. Ila lile la fremu limepasuka."

Sentimita mia na ishirini na nane. Akaiandika. Alisema hawezi kuahidi kitu, na Abdulkarim akasema hakumwomba aahidi. Akawaaga wote, gari jeupe likageuza, likashika barabara ya Iringa. Sabina naye akakunja meza yake, akajifunga khanga, akasema fundi naye apumzike sasa, maana hata yeye kichwa kinamuuma, akaenda kutafuta gari la Ilomba.

Wakulima waliondoka mmoja mmoja, mizigo yao imechelewa soko. Akabaki Ezekia. Gunia lilikuwa limemwaga viazi ukingoni na alikuwa anaviokota anavifuta kwenye suruali. Abdulkarim akainama, akaanza kuokota na yeye. Waliokota wakisogea taratibu kufuata ukingo, mpaka wakafika mahali ambapo wote wawili walipajua.

"Ezekia."

"Naam, fundi."

"Siku ile. Alikusemesha?"

Ezekia akakaa juu ya visigino vyake, viazi viwili mkononi. Ilionekana alikuwa amelingojea swali hilo tangu mwezi wa kumi na lilipokuja lilimkuta hayuko tayari.

"Alinisemesha."

"Alisema nini?"

"Alinisalimu. Mimi sikumwona, nilikuwa nimeinamia mzigo. Akasema, Baba Atuganile, shikamoo ya mtu na mimba yake. Nikamuuliza mimba gani, mama? Akasema, si hiyo baiskeli yako. Ina mapacha, miezi kumi na mbili, na wewe bado unaitembeza tu, hata kliniki hujaipeleka. Nenda kwa mume wangu akaizalishe."

Lori lilipita, upepo wake ukazivuta nguo zao, wakangoja lipite.

"Hiyo ni yangu," alisema Abdulkarim.

"Nini?"

"Hayo maneno. Ya mimba na kliniki. Niliyatunga mimi, mwaka ule tumeoana. Nimemwambia mara elfu. Hakuwahi kucheka hata mara moja. Alikuwa anasema Abdulkarim, hicho nacho kichekesho?"

"Mbona alicheka."

"Nani?"

"Yeye. Alicheka mwenyewe, mpaka kikapu kikamtoka begani. Akakipandisha, akasema haya niache niwahi gari, akazunguka."

Abdulkarim alitazama lami. Alikuwa ameshika kiazi na hakujua akiweke wapi. Akakaa chini, ukingoni, miguu ndani ya mtaro, na Ezekia akakaa karibu yake, kofia ya mkewe magotini.

"Hebu niambie tena," alisema fundi.

"Yote?"

"Anzia pale alipokusalimu."